Chombo na Watu Wake

Inapotajwa habari ya utamaduni wa taifa, fikira za wengi hukimbilia ngoma, mavazi, mapishi, nyimbo na mashairi. Hatuna ugomvi na hayo, maana sisi wenyewe tumo katika hao watungao mashairi, na tungependa kusomwa. Lakini tumeona kwamba mara tu mtu anapotaja redio, gari au simu, wazee na walimu hukunja uso, kana kwamba ametajwa mgeni aliyeingia nyumbani bila ya kupiga hodi. Kijana apendaye mitambo huambiwa kuwa ameiacha asili yake. Sisi twaona kuwa neno hilo halina msingi. Katika kurasa hizi tutajaribu kueleza kwa nini, tukimtumia kuwa mfano mtu mmoja wa Chake Chake tuliyekua naye, ambaye tangu utoto wake hadi leo hajapata kupita karibu na kitu chenye waya au gurudumu pasi na kusimama.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Lugha yetu ina neno chombo, nayo hulitumia kwa sufuria na kwa jahazi, kwa udi wa taarabu na kwa lori. Mpemba akisema chombo kimetia nanga, yajulikana kuwa asema habari ya bahari. Akisema vyombo havijaoshwa, asema habari ya jikoni. Na sheria za Zanzibar zikitaja vyombo vya moto, dereva ajua kuwa ni yeye anayesemwa. Twasema vyombo vya muziki, vyombo vya habari. Wako wanaoona kuwa huu ni umaskini wa maneno. Sisi hatuoni hivyo. Hao waliolipa neno hili kazi zote hizo waliona jambo moja ndani yake, kwamba chombo ni kitu kinachobeba. Hubeba wali, hubeba abiria, hubeba sauti. Na kitu kinachobeba huulizwa swali moja kabla ya maswali mengine yote, nalo ni hili: kimembeba nani?

Wako pia wanaodai kuwa mapenzi ya mwendo wa kasi ni maradhi ya kigeni. Hutoa ushahidi wa methali zetu, kwamba haraka haraka haina baraka, na kwamba polepole ndio mwendo. Methali hizo ni za kweli, lakini msomaji mwangalifu atajiuliza: watu wasiopenda kwenda mbio wangekuwa na haja gani ya kukanyana hivyo, kizazi baada ya kizazi? Hapana mtu amkanyaye jongoo asikimbie.

Aliyewahi kusimama ufukweni siku ya resi za ngalawa hawezi tena kusema kuwa watu wa visiwa hivi hawaujui utamu wa kasi. Ngalawa ni gogo lililochongwa, likatiwa mirengu miwili ili lisipinduke, mlingoti mmoja na tanga moja. Haina injini wala tone la mafuta. Lakini siku ya upepo mzuri mabaharia hutoka nje wakaning'inia juu ya mrengu wa upande wa upepo, maji yakiwapiga usoni, na nahodha ameuma meno huku mkono wake hauondoki katika usukani. Kabla ya siku yenyewe utawakuta watu wamekipindua chombo mchangani, wanakikwangua tumbo na kulilainisha, na mabishano hayana mwisho: tanga likatwe vipi, foromali ipandishwe hadi wapi, fulani aachwe nchi kavu kwa kuwa ni mzito. Tofauti ya mabishano hayo na yale ya vijana wanaobishana habari za injini na matairi pale sokoni Chake Chake ni majina tu.

Historia nayo yatufunza kuwa mpenda mitambo mashuhuri kuliko wote katika visiwa hivi hakuwa kijana wa leo. Alikuwa Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888. Ujanani mwake alimwasi nduguye, Sayyid Majid, akahamishiwa Bombay, mji ambao ulikwisha kuwa na reli tangu 1853. Mwaka 1875 alizuru Uingereza akatembezwa viwandani. Mtu huyu akirudi safari alirudi na mambo. Alinunua meli za moshi, akaleta maji ya mfereji mjini Unguja; na mwaka 1879, katika enzi yake, waya wa simu ya maandishi ulilazwa chini ya bahari ukaiunganisha Unguja na Aden, na kwa njia hiyo na dunia nzima. Mwaka 1883 alijenga Beit al-Ajaib, na jina hilo, Nyumba ya Maajabu, lilitokana na mambo yaliyokuwamo ndani yake, hasa taa za umeme, ambazo nyumba nyingine yoyote ya Afrika ya Mashariki ilikuwa haijapata kuwa nazo.

Hayo mwanafunzi huyapata darasani. Lakini aghalabu haulizi mafuta ya taa zile yalilipiwa na nani. Tarehe 15 Aprili, 1872, kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja kikang'oa mikarafuu yake na kuvunja merikebu bandarini. Pemba iliokoka. Tangu mwaka ule karafuu nyingi za visiwa hivi zimetoka Pemba, na ushuru wa karafuu ndio uliojaza hazina. Basi kwa hesabu ya haki, zile taa za Beit al-Ajaib ziliwashwa na mikono iliyokuwa ikichuma huku kwetu, juu ya matawi, katika kisiwa kilichokuwa kikilala gizani. Na mingi ya mikono hiyo ilikuwa ya watumwa, maana hali ya utumwa haikufutwa kwa sheria Zanzibar hadi mwaka 1897. Hatusemi hivi ili kulidharau jengo lile. Tulisikitika kama wengine tarehe 25 Disemba, 2020, sehemu yake kubwa ilipoanguka na watu 2 wakafa. Twasema tu kwamba chombo kilikuwapo, kikang'aa, na swali la nani aliyebebwa nacho lina jibu lake.

Sisi wa Pemba tuliendelea na kandili na karabai kwa muda mrefu. Baadaye ikaja mitambo ya dizeli ya Wesha, ambayo ilikuwa ikinguruma jioni na kunyamaza kila ilipotaka, hata kina mama wakajizoeza kupika haraka kabla haijabadili nia. Mwaka 2010 ndipo waya mwingine, safari hii wa umeme, ulipolazwa chini ya bahari kutoka Tanga hadi kisiwani kwetu, kwa msaada mkubwa wa Norwei. Kati ya taa za Sayyid na waya ule imepita miaka 127. Rafiki yetu, ambaye ndiye tunayetaka kumweleza, alisimama Wesha siku nyingi kazi hiyo ilipokuwa ikiendelea, akiwauliza mafundi maswali, hata wakadhani kuwa ametumwa na serikali.

Mtu huyu ni jirani yetu wa Tibirinzi. Babake alikuwa na duka dogo na redio kubwa ya mbao, nayo ilikaa juu ya meza barazani, ikafunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono kama vile inavyofunikwa sinia ya arusi. Baada ya sala ya magharibi wazee walikusanyika. Walisikiliza Sauti ya Tanzania Zanzibar, kisha Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyokuwa imeanza mwaka 1957. Taarifa ilipokuwa ikisomwa hapakuwa na mtu aliyekohoa bila ya sababu. Na jambo hili tungependa walimu walizingatie: mwenye redio hakuwa na amri ya kuihamisha stesheni bila ya kuitazama baraza kwanza. Alikuwa ameinunua kwa fedha zake, betri alizinunua yeye, lakini ilipokwisha kuwekwa barazani redio ile ikawa ya baraza. Betri zilipochoka zilianikwa juani, juu ya jamvi, kando ya karafuu, ili zipate nguvu ya siku mbili tatu tena. Na hata kuzigeuza ilikuwa kazi yetu sote watoto wa mtaa, pamoja na kugeuza karafuu.

Rafiki yetu alikuwa na umri wa miaka 7 alipoona kuwa stesheni za mbali, ambazo mchana hazisikiki kabisa, usiku huja wazi kana kwamba msemaji yuko Machomanne. Wengine tuliliona jambo hilo tukaliacha lipite. Yeye alikosa usingizi. Aliwauliza wazee wakamwambia kuwa usiku kuna utulivu. Jibu hilo halikumtosha, kwani usiku huo huo mbwa walikuwa wakibweka. Siku moja, babake alipokwenda Wete, aliifungua redio kwa nyuma akachokonoa kwa kijiti cha mswaki, akatoboa ukingo wa spika. Tangu siku ile redio ilivuma kama nyuki kila msomaji alipoinua sauti. Alitazamia kipigo. Babake alikaa kimya kitambo, kisha akamwambia, "Ukifungua tena, nifungulie mimi nikiwapo, nami nione." Jawabu la swali lake alilipata miaka mingi baadaye kwa mwalimu wa sayansi: juu sana angani iko tabaka inayoyarudisha mawimbi ya redio ardhini, mchana jua huzalisha chini yake tabaka nyingine inayoyameza mawimbi kabla hayajafika, na jua likitua tabaka hiyo ya chini hufifia, mawimbi yakapanda, yakarudishwa chini mbali sana na yalikotoka. Mwalimu aliposema hayo, rafiki yetu alisimama darasani bila ya kuitwa.

Televisheni nayo ilianzishwa Zanzibar mwaka 1974, tena ya rangi, miaka 20 kamili kabla ya Bara kupata ya kwanza. Chombo hicho kilipofika mtaani kwetu kiliwekwa dirishani, uso wake umetazama nje, na watu wakakaa uani juu ya mikeka. Mwenye nyumba na wanawe walikitazama kwa kutoka nje, pamoja na wengine. Hatukuona ajabu wakati ule.

Katika miaka ile ile kulikuwa na mashindano ya magari, Safari Rally, ambayo kwa miaka ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye yakabaki Kenya peke yake. Sisi hatukuyaona hata siku moja. Tuliyasikia redioni. Shekhar Mehta wa Kenya aliyashinda mara 5, mwaka 1973 na kisha mfululizo tangu 1979 hadi 1982, kila mara ndani ya Datsun. Na mtaani kwetu hakukuwa na mtoto aliyekubali kuwa mtu mwingine. Magari tuliyaunda kwa waya na makopo, matairi tukayakata katika ndala zilizokatika, na njia ya kuteremkia mtoni ndiyo iliyokuwa Mombasa yetu. Gari la rafiki yetu lilikuwa na usukani mrefu wa waya uliogeuza magurudumu ya mbele kwelikweli. Mengine yetu yalikwenda moja kwa moja hadi migombani.

Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi nyingi, lakini zote zilikuwa kazi moja. Alitengeneza redio, akatengeneza pasi, mashine za chapa za ofisi, mashine za cherehani, kisha radio-kaseti zilizojaa nchini baada ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980. Karakana yake iko chini ya mwembe, ina paa la bati na meza ndefu iliyoungua hapa na pale kwa chuma cha kulehemu. Akitoka kuswali alfajiri hufika hapo na birika la chai. Huwasha redio mbili kwa pamoja, moja aisikilize na nyingine aitazame kama imepona. Simu zake zi tatu. Akipigiwa huichukua kwanza ile isiyolia. Alikuwa na Vespa, na kila jioni aliipeleka mbio kwenye njia ya Wesha "ipumue", kwa maneno yake, ingawa sisi tuliokaa nyuma ndio tuliokosa pumzi. Mkewe, mwanamke mwenye subira na ulimi, hupenda kusema kuwa wakati wa posa aliulizwa kama anajua kupika, na yeye akaulizwa kama nyumba yao ina plagi.

Kisha akanunua gari. Lilikuwa Toyota Mark II lililokwisha kutumika Japani, lenye injini ya silinda 6, na kipimo chake cha mwendo kiliandikwa hadi kilomita 180 kwa saa. Sasa Pemba, kwa wasioijua, ina urefu wa kilomita 67 hivi, nayo ni vilima na mabonde kutoka mwanzo hadi mwisho. Barabara zake hupinda kama nyoka aliyekanyagwa. Tulimfanyia hesabu kwenye karatasi. Kama gari lile lingekwenda kwa mwendo wote ulioandikwa kwenye kipimo, kisiwa kingemalizika kwa dakika 22, na dakika ya 23 angekuwa baharini. Aliitazama karatasi kwa makini akasema, "Ami, mimi sitaki kufika. Mimi nataka kujua kuwa linaweza." Hutuita Ami ingawa twalingana, kwa kuwa babu yake na baba yetu walikuwa ndugu wa kunyonya, na kwa hesabu za watu wa Pemba hilo latosha.

Tulikaa na jibu hilo siku nyingi, maana lina ukweli na hatari kwa pamoja. Vijana wanaoendesha bodaboda kati ya Chake Chake na Wete pia hutaka kujua kuwa chombo kinaweza, lakini wao hukiuliza swali hilo barabarani, mbele ya wanafunzi watokao shule na bibi aliyebeba kuni. Tumesimama katika maziko ya vijana hao zaidi ya mara moja. Bahari ina adabu ya kumlaza tanga asiyejua. Barabara ya lami haina. Na ngalawa ikipinduka hupinduka na mabaharia wake, wala haimfuati mtu mlangoni kwake. Hapa ndipo tunapoachana na wale wanaosema kasi ni ya mwenye gari. Gari ni lake. Kasi yake ni ya kila aliye njiani.

Usiku mmoja mwezi wa masika, saa sita na nusu, binti wa jirani alishikwa na uchungu, na mkunga akasema kuwa mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, kiasi cha kilomita 30. Gari la wagonjwa lilikuwa safarini upande wa kaskazini. Mlango uliogongwa ulikuwa wa rafiki yetu. Sisi tulikaa kiti cha mbele kushika taa ya mkononi, na nyuma alikuwapo binti, mamake na mkunga. Mvua ilikuwa ikinyesha. Tulidhani kuwa usiku ule ndio gari lile litakapotumia silinda zake zote, nasi tukajishika.

Hakuendesha hivyo. Palipokuwa na lami nzuri aliongeza mwendo, lakini kidogo kidogo, hata hukuhisi. Kila alipokaribia kona alipunguza mapema kabla ya kugusa breki. Penye shimo alikaribia kusimama, akaliingiza gurudumu moja kama mtu ashukaye mtumbwini na mtungi wa maji kichwani. Hakusema neno njia nzima ila mara moja, alipouliza, "Mama, pale pamekugusa?" na binti akajibu kwa sauti ndogo kuwa hapakumgusa. Saa saba na dakika ishirini tulifika. Mtoto alizaliwa kabla ya alfajiri kwa kupasuliwa mamake, na wote wawili walipona. Mtoto huyo sasa ni mwanafunzi wa sekondari, na huja karakanani kuazima bisibisi ambazo hazirudi.

Tulimwuliza baadaye ni wapi alikojifunza kuendesha vile. Alionyesha kushangaa. Alisema mtu asiyejua gari laweza kukimbia kiasi gani hawezi kujua amezuia kiasi gani.

Siku hizi ana malalamiko, nayo si juu ya vijana. Ni juu ya vitu vyenyewe. Redio ya babake ilikuwa na misumari minne nyuma. Ukiiondoa, ulimwona ndani yake mwenye kuitengeneza alivyofikiri. Simu za leo nyingi zimegandishwa kwa gundi. Betri haitoki. Ukitaka kuifungua sharti uipashe moto, na ukiipasha moto kioo hupasuka. Mwanawe ana duka la simu karibu na soko, hujua bei ya kila moja na mwezi iliotoka, na ikiharibika humwambia mteja anunue nyingine. Baba na mwana hupendana sana, lakini katika jambo hili huzungumza kama watu wa nchi mbili. Sisi twasikiliza tu. Hata hivyo twakiri upande wetu: mtoto aliyezoea kitu kisichofunguka huenda akadhani kuwa dunia nayo haifunguki, na mwalimu wa sayansi atakuwa na kazi ngumu kumshawishi vinginevyo. Kuna lingine. Redio ilikuwa ya baraza, televisheni ikatazama uani. Simu huingia sikioni mwa mtu mmoja kwa kijiwaya, na wanne waliokaa naye hawajui kama anacheka msiba au arusi. Hatusemi kuwa simu haibebi watu. Jamaa zetu walio Maskati na Dubai huwaona wajukuu zao kila Ijumaa. Twasema kwamba desturi ya kukigeuzia chombo uso wake nje bado haijapata mtu wa kuiundia upya, na hiyo ni kazi ya vijana, si ya kiwanda kilicho mbali.

Tutaje jambo moja zaidi, ambalo latuhusu sisi wenyewe.

Katika miaka ya 1980 barua nyingi za Pemba zilikuwa kaseti. Mtu aliyekuwa na ndugu Uarabuni, ambaye hakuandika vizuri au alichoka kuandikiwa na wengine siri zake, aliketi mbele ya radio-kaseti akasema, na msafiri akaibeba kaseti ndani ya sanduku pamoja na karafuu na mkate wa ufuta. Mama yetu alimpelekea hivyo mjomba wetu aliyekuwa Maskati. Mama alifariki mwaka 1991. Mjomba aliihifadhi kaseti yake moja, na alipofariki naye, wanawe wakaturudishia. Ilifika ikiwa na ukungu mweupe, ukanda umekatika mahali pawili, na kile kisponji kinachoubana ukanda kimeng'oka. Hatukuwa na picha ya mama ila moja ya kitambulisho, na sauti yake tulikuwa tumeanza kuisahau. Tuliikumbuka namna alivyosema, lakini hatukuwa tena tukiisikia.

Tuliipeleka chini ya mwembe. Rafiki yetu aliondoa misumari mitano ya kaseti, akautandaza ukanda juu ya shuka nyeupe, akaupangusa kwa kitambaa laini kwa muda wa siku tatu, kidogo kidogo. Mahali palipokatika alipakata upya kwa wembe, kwa mshazari, akapaunga kwa gundi ya karatasi nyembamba, na kisponji akakitoa katika kaseti nyingine iliyokufa. Ilibaki mashine ya kuichezea. Zote alizokuwa nazo zilikuwa mbovu, mikanda yake ya mpira imeyeyuka kama lami. Alichanganya tatu akapata moja.

Alipoiwasha, sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto, yenye kukimbia, maneno yamebanana. Moyo wetu ulianguka. Yeye hakushtuka. Alieleza kuwa ukanda wa kaseti hupaswa kwenda sentimita 4 na robo tatu kwa kila sekunde, na mota ile yakimbia zaidi; nyuma yake kuna tundu dogo na ndani ya tundu mna msumari wa kupunguzia. Aliingiza bisibisi nyembamba akazungusha. Sauti ikateremka. Akazungusha tena, ikawa ya mwanamke. Kisha akatoa mkono, akasogea kando, akatupa bisibisi.

"Mimi vipimo ninavyo," alisema, "lakini mwendo wa mama yako waujua wewe, Ami."

Tulizungusha. Tuliupitisha, ukawa mzito kama wa mwanamume. Tukarudi nyuma kwa upana wa unywele. Hapo mama alisema, kwa mwendo wake, kuwa karafuu za mwaka ule ni nyingi lakini mvua haitoi nafasi ya kuanika, na kuwa fulani amejifungua, na kuwa mjomba asitume fedha bali aje. Tulikaa. Chai ilipoa.

Nyuma ya sauti yake ilisikika sauti nyingine, ya mwanamume, ikisoma kitu kwa taratibu, na kila ilipopanda ilivuma kama nyuki. Rafiki yetu aliinama akalitia sikio karibu na spika. Alisema hiyo ni redio ya babake, barazani, nyumba ya pili, na kwamba alikuwa akiujua uvumi ule hata akiwa usingizini. Alirudisha ukanda nyuma, tukasikiliza tena tangu mwanzo.